Kioo Kidogo cha Nyuma Kikivunjika

Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila anayeuliza hutumia maneno yaleyale: "Nimeamka nikakuta kioo kidogo cha nyuma kimevunjwa. Fundi wa kwanza anasema atanikatia kingine, wa pili ananiambia nikatafute cha mtumba, wa tatu anataka tubandike plastiki maisha yaendelee. Nimsikilize nani?" Wengi wao wana magari yenye umri: Corolla 100 na 110, Carina, Mark II, RAV4 za mwanzo, Land Cruiser na Land Rover za zamani. Ni magari ambayo bado yanawapeleka watoto shule na mizigo sokoni, wala hayastahili kuoza kwa sababu ya kipande cha kioo.

Ninachozungumzia ni kioo cha pembeni kisichofunguka. Kwenye sedani nyingi ni kile cha pembetatu kilicho nyuma ya kioo kinachoshuka katika mlango wa nyuma. Kwenye wagon, kwenye magari ya milango mitatu na kwenye vigari vya mizigo, ni kile kikubwa kilichokaa kwenye bodi lenyewe, ubavuni mwa buti.

Kukifunga ni kazi ya asubuhi moja. Ugumu uko katika kujua kimeshikwaje na katika kukipata kinachofanana. Anayeruka hayo mawili hununua mara mbili, na mara nyingine hulipa pia fundi bodi wa kuziba kutu.

## Saa ya kwanza

Hasira zikikupanda, zitulize kidogo. Makosa mengi hufanyika katika saa hii.

- Piga picha kabla hujagusa kitu: gari zima, kioo chenyewe, na chochote kilichoibwa ndani.
- Toa taarifa polisi ikiwa ni wizi, na uhifadhi karatasi watakayokupa.
- Usipandishe wala kushusha kioo kinachofunguka cha mlango huohuo. Punje zimejaa kwenye njia yake na zitakikwaruza chote.
- Usiubamize mlango. Vipande vilivyobaki kwenye raba vinashikiliana kwa bahati tu.
- Ziba tundu kwa plastiki nene, ukianzia juu ya ukingo wa paa ili maji yateleze nje. Tumia tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Tepu ya kahawia ya maboksi ikipigwa jua siku mbili huacha gundi, na kwenye gari lililopakwa rangi upya huweza kuondoka na rangi.

Kuhusu bima, mwenye bima ndogo asisubiri kitu, kwa kuwa ile hulipa hasara ya mtu mwingine. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake: mikataba mingine hutaja kioo cha mbele peke yake, mingine hutaja vioo vyote, na karibu yote ina kiasi ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe. Piga hesabu kabla ya kudai.

## Punje huenda mbali kuliko unavyodhani

Kioo cha pembeni huvunjika kuwa punje ndogo kama za mahindi. Kimetengenezwa hivyo makusudi ili kisimkate mtu shingo. Ubaya wake ni kwamba punje hizo huruka hadi kiti cha mbele, na miezi mitatu baadaye bado unaziokota.

Vaa glavu nene, viatu vya kufunika, na miwani. Miwani usiidharau, kwa sababu vipande vilivyokwama juu ya fremu hudondoka ukiwa umeinua uso. Kisha safisha kwa mpangilio huu:

1. Ng'oa vipande vilivyobaki kwenye fremu kwa plasi, ukivivuta kuelekea ndani ya gari juu ya kanga kuukuu au gunia lililotandazwa.
2. Okota kwa mkono vile vikubwa. Usifute kiti kwa kitambaa, maana utazisukumiza punje ndani ya kitambaa cha kiti.
3. Tumia mashine ya kufyonza vumbi. Kama huna, peleka gari kwa waosha magari wenye mashine hiyo na uwaambie wazi kuwa ni kioo.
4. Ng'oa kalio la kiti cha nyuma. Kwenye sedani nyingi hushikwa na klipsi au bolti mbili tu, na chini yake ndipo punje hujificha.
5. Vuta mkanda wa usalama wa nyuma wote mpaka mwisho, uufute, umulike tochi kwenye tundu unamoingilia na ufyonze hapo. Mkanda ukijirudisha huburuta punje ndani ya rola, na hizo hukwaruza nyuzi au kuikwamisha rola siku unayoihitaji.
6. Kama ni kioo cha mlangoni, fungua kava ya ndani na uondoe punje zilizoanguka chini ya mlango. Zikiziba vitundu vya kutolea maji, mlango utaanza kuoza kutokea ndani.

Kiti cha mtoto kama kilikuwemo, kivue kitambaa chake chote ukikung'ute nje. Hapo sina njia ya mkato ya kukupa.

## "Fundi anasema atanikatia kingine"

Hawezi kukukatia kioo kama kile kilichovunjika. Kioo cha pembeni huchomwa kiwandani kikapozwa ghafla kwa upepo, na baada ya hapo hakikatiki wala hakitoboleki; ukikigusa kwa almasi ya kukatia, chote hugeuka punje. Umbo lake lilikatwa kabla ya kuchomwa. Kwa hiyo anayekuambia atakata, muulize anakata nini. Majibu yanaweza kuwa matatu.

Kioo cha dirisha la nyumba. Kataa. Huvunjika kwa vipande virefu vyenye ncha, na anayekaa karibu nacho kwenye gari lako ni mtoto.

Kipande cha kioo cha mbele cha gari jingine. Hiki kina tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, na kinakatika kweli. Hakina hatari ya vipande kama kile cha nyumba. Lakini ni kinene, milimita 5 hivi au zaidi, wakati kioo chako cha pembeni huwa milimita 3 hadi 4. Kwenye raba ya asili hakiingii bila kulazimishwa, na kikilazimishwa hupasuka. Pia kama kioo chako kimepinda kidogo, na vingi vimepinda, hakitalala sawasawa.

Plastiki ngumu ya kung'aa. Kwa wiki chache wakati unatafuta kioo, sina ugomvi nayo. Ikikaa muda mrefu hukwaruzika kila ikifutwa, hufifia kwa jua, na hupiga kelele kwenye mwendo. Ile ya bei rahisi hupasuka kwa ncha kali pia.

Kwa kioo cha kudumu, jibu langu ni moja: tafuta kioo kilichotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, kipya au cha mtumba. Soma maandishi madogo kwenye kona yake. Cha pembeni huwa na neno TEMPERED au, kwenye vioo vya Asahi vya Japani, TEMPERLITE. Chenye LAMINATED au LAMISAFE ni cha tabaka mbili. Ukiona herufi E ndani ya duara pamoja na 43R, kimepimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Kioo kisicho na maandishi yoyote kiache hapohapo.

## Kabla ya kutoa pesa: kimeshikwaje?

Hili ndilo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Nenda kwenye kioo cha upande wa pili, ambacho hakijavunjika, ukichunguze nje na ndani.

Cha mlangoni chenye nguzo. Kati ya kioo kinachoshuka na kile cha pembetatu kuna nguzo nyembamba ya chuma iliyosimama. Kioo cha pembetatu kimevaa raba yake na kimebanwa na nguzo hiyo. Hakuna gundi. Hiki ndicho rahisi kuliko vyote.

Cha raba ya mfereji. Raba nene imezunguka kioo, mfereji wa ndani umeshika kioo na wa nje umeshika bati. Ukiibonyeza raba kwa kidole gumba, inabonyea. Utakiona kwenye Land Rover na Land Cruiser za zamani, Volkswagen Beetle, na mabasi madogo ya zamani. Baadhi ya raba hizo zina utepe mwembamba uliopachikwa katikati kama mshono. Huo ndio unaoikaza raba.

Cha gundi. Ukingo wake ni mwembamba na mgumu, haubonyei, na nyuma ya kioo kuna ukanda mweusi uliochomwa kwenye kioo chenyewe. Hiki kimegandishwa kwenye bati kwa gundi nyeusi ya yurethani. Vingine vina pia bolti ndogo zilizozama kwenye ukingo, na nati zake zinaonekana ukivua kava ya ndani. Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1990 yenye kioo ubavuni mwa buti yako hapa.

Kama bado huna uhakika, vua kava ya ndani upande wenye kioo kizima. Ukiona gundi nyeusi iliyofinyangika, umepata jibu.

## Kununua

Dar es Salaam watu huanzia Gerezani na Ilala. Nairobi huanzia Barabara ya Kirinyaga. Popote uendapo, usiende na jina la gari tu. "Corolla 100" ni jina la sedani na la wagon, na vioo vyao vya nyuma havifanani hata kidogo. Nenda na:

- namba ya chesisi, iliyo kwenye kibati ndani ya chumba cha injini; herufi zake za mwanzo, kama AE100 au SXA11, ndizo zinazomwambia muuzaji aina ya gari;
- mwaka wa gari, idadi ya milango, na picha ya kioo kizima cha upande wa pili;
- upande, kwa neno lisilo na utata. Kulia na kushoto huhesabiwa ukiwa umekaa ndani ya gari ukitazama mbele. Kwetu dereva yuko kulia, kwa hiyo sema "upande wa dereva" au "upande wa abiria";
- kipimo cha tundu ulichokichora kwenye boksi la karatasi ngumu na kukikata. Hiki kimewaokoa wengi, kwa sababu unakiweka juu ya kioo pale dukani na macho yanaamua.

Kisha kikague. Pitisha kidole, chenye glavu, kuzunguka ukingo wote. Kioo cha mtumba chenye pengo dogo ukingoni kinaweza kukaa mwezi mmoja kisha kikalipuka chenyewe siku ya jua kali. Tazama kama kimebaki na raba yake au ukingo wake, kwa sababu vikiuzwa kando bei hupanda. Linganisha rangi: vioo vya nyuma vya magari mengi ya Japani vimetiwa giza kiwandani, ndani ya kioo chenyewe, na kioo cheupe kilichobandikwa tinti hakitafanana nacho. Kwenye baadhi ya wagon kuna nyuzi nyembamba kwenye kioo hicho. Ni antena ya redio, na kioo kisicho nazo kitakunyima redio.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa uzito. Wenye magari wengi wa Dar na Nairobi huchora namba za magari yao kwenye vioo. Ukikuta kioo cha mtumba kina namba ya usajili ya hapa nchini, au kona moja imesuguliwa ikafifia mahali ambapo namba ingekaa, huenda mtu mwingine ameamka leo akiwa kama wewe. Usikinunue, hata kikiwa cha mwisho sokoni.

## Cha mlangoni chenye nguzo

Unahitaji bisibisi ya nyota na bapa, spana ya 10, na maji ya sabuni.

1. Shusha kioo kinachofunguka mpaka chini, baada ya kuondoa punje.
2. Vua kava ya mlango: skrubu ya kishikio, skrubu ya kiegemeo cha mkono, kisha klipsi za kuzunguka. Ingiza bisibisi iliyofungwa kitambaa karibu na kila klipsi. Ukivuta kava katikati itavunjika.
3. Bandua taratibu karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya kava, na uihifadhi.
4. Vuta raba inayopita ndani ya nguzo itoke.
5. Fungua skrubu ya juu ya nguzo, iliyojificha chini ya raba ya fremu, na bolti ya chini iliyo ndani ya mlango.
6. Ilaze nguzo kuelekea mbele, na raba ya kioo cha pembetatu itoke.
7. Vika kioo kipya raba, paka maji ya sabuni, kisukume kwenye kona yake mpaka kikae, kisha rudisha nguzo.

Kabla ya kukaza nguzo moja kwa moja, pandisha na ushushe kioo kikubwa mara mbili tatu. Nguzo ikikaa upande, kioo hukwama, na mwenye vioo vya umeme huunguza mota akidhani mota ndiyo mbovu.

Makosa hapa ni mawili. La kwanza ni kutupa ile karatasi ya plastiki kwa kudhani ni ya kufungia mzigo. Ndiyo inayozuia maji yanayotiririka ndani ya mlango yasiingie kwenye kava na zulia. Ikichanika, weka plastiki nyingine nene ya kipimo hichohicho. La pili ni kurudisha raba iliyokufa. Raba iliyokauka na kupasuka kona itavujisha hata kioo kiwe kipya namna gani.

## Cha raba ya mfereji

Hii ni kazi ya watu wawili na kamba. Tafuta kamba laini ya nailoni yenye unene wa milimita 4 hivi, ndefu kuliko mzunguko wa kioo kwa nusu mita au zaidi.

Safisha ukingo wa bati, na kama kuna kutu, maliza kutu kwanza. Weka raba juani nusu saa ilainike. Ivike kioo, kisha zungushia kamba ndani ya mfereji wa nje, ule utakaoshika bati, ncha mbili zipishane chini katikati na zining'inie. Paka raba na bati maji ya sabuni. Mwenzako akiwa nje akisimamishe kioo kwenye tundu na kukisukuma kwa viganja vilivyofunguliwa. Wewe ndani uvute ncha moja ya kamba polepole, ukielekea katikati ya kioo. Kamba ikitoka inauinua mdomo wa raba na kuuvusha juu ya bati. Ukifika kona, punguza mwendo na mwenzako aongeze kubonyeza hapohapo. Usikubali apige ngumi.

Raba yenye utepe wa kukazia, utepe huo huingia mwisho, kioo kikishakaa. Kuna kifaa chake cha chuma chenye kitundu mbele. Usipokipata, bisibisi bapa iliyosuguliwa ncha hadi iwe butu itafaa, kwa sabuni nyingi na subira.

Usitumie grisi, oili wala petroli kulainisha raba. Huivimbisha na baadaye huiozesha. Sabuni hukauka ikaisha.

## Cha gundi

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasiharakishe, kwa sababu kosa halionekani siku ya kazi. Huonekana mvua za masika.

Kuandaa bati. Ukishavua kava na vipande vyote, utabaki na mkanda wa gundi ya zamani. Usiukwangue mpaka kwenye chuma. Uchonge kwa wembe mpana mpaka ibaki tabaka nyembamba, milimita 1 hadi 2, iliyoshika vizuri. Gundi mpya hushika juu ya ile ya zamani iliyochongwa upya kuliko inavyoshika kitu kingine chochote. Mahali wembe ulipokwaruza rangi hadi chuma kikaonekana, paka praima ya gundi hiyo hata kama ni mstari mwembamba kama unywele, maana kutu huanzia hapo.

Kuandaa kioo. Cha mtumba huja na gundi yake, ichonge vilevile. Kipya kisafishe ukanda wake mweusi kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha paka praima ya kioo. Usisafishe kwa petroli wala mafuta ya taa, huacha mafuta yasiyoonekana. Thina nayo hula rangi ya gari.

Jaribio kavu. Weka kioo mahali pake bila gundi. Tazama mianya pande zote, kisha bandika vipande vya tepu ya karatasi kutoka kioo hadi bodi na uvikate kwa wembe kwenye mwanya. Utakapokirudisha kikiwa na gundi, linganisha vipande hivyo, nacho kitakaa palepale mara ya kwanza.

Gundi. Nunua gundi ya yurethani ya kubandikia vioo vya magari na usome tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye mrija. Iliyopitwa na wakati, au iliyokaa dukani juani, hugandia ndani au haigandi kabisa. Kata ncha ya mrija kwa umbo la V ili gundi itoke kama pembetatu yenye kimo cha sentimita 1 hivi. Izungushe bila kukatika, anza na malizia katikati ya upande, kamwe si kwenye kona, na mahali pa kuungana zipishane kidogo. Weka kioo mara moja, ndani ya muda ulioandikwa kwenye mrija, na kumbuka kwamba katika joto la Dar muda huo ni mfupi. Kibonyeze sawasawa pande zote.

Kusubiri. Kishikilie kwa tepu saa 24. Gundi hii hukazwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo pwani hukaza mapema kuliko Dodoma wakati wa kiangazi. Siku hiyo ya kwanza acha kioo kimoja cha mlango wazi kidogo. Mlango ukifungwa kwa nguvu katika gari lililozibwa kote, hewa husukuma kioo kipya nje na kufungua njia ya maji usiyoiona.

Kioo chenye bolti na nati: kaza kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko tu kwa spana. Kazi ya nati ni kukishikilia gundi ikauke. Wengi wamepasua kioo kipya kwa nati ya mwisho.

## Silikoni

Kuna fundi atakayekuambia silikoni inatosha, kwani nayo hushika na haipitishi maji. Ikatae. Ile ya kawaida ya bafuni na madirisha, yenye harufu ya siki, hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma. Tena ikishapakwa, mabaki yake huzuia gundi yoyote nyingine isishike, hivyo fundi anayefuata huanza kazi kwa kukwangua siku nzima.

Nimeyaona haya kwenye gari langu mwenyewe, Corolla ya wagon. Nilikuwa na haraka, fundi akawa na silikoni mkononi, nami nikanyamaza. Masika hayakuisha kabla zulia la buti halijaanza kunuka. Nilipovua kava, bati chini ya kioo lilikuwa limeliwa kiasi kwamba bisibisi ilipenya. Kulikata na kulichomea bati hilo kulinigharimu zaidi ya kioo, gundi na ufundi wa kwanza vikijumlishwa.

## Ukikuta kutu

Kwenye gari la miaka 25 au 30, huenda utaikuta chini ya raba au pembeni mwa gundi. Usifunge kioo juu yake. Piga msasa mpaka chuma king'ae, paka dawa ya kutu, praima na rangi, kisha acha rangi ikauke kabisa. Rangi mbichi hunyofoka pamoja na gundi. Kama bati limetoboka, mpelekee fundi bodi sasa hivi, tundu likiwa wazi na rahisi kufikiwa. Ndiyo, gari litalala siku kadhaa na plastiki dirishani. Ni afadhali hivyo.

## "Mimi sina muda, nitamwachia fundi"

Mwachie, hakuna ubaya. Ila kabla hajaanza muulize mambo matatu: atatumia gundi gani, na uuone mrija wake, atafanya nini na gundi ya zamani, na gari litalala saa ngapi kabla ya kutembea. Fundi anayejua kazi hujibu bila kukasirika. Akisema utaondoka nalo baada ya nusu saa na kioo chako ni cha gundi, tafuta mwingine.

## Kupima

Gari likishalala, tandika magazeti makavu chini ya kioo, ndani, kabla hujarudisha kava. Mwenzako amwage maji kwa mpira, taratibu, kuanzia chini ya kioo kupanda juu, dakika tano kila upande. Usitumie mashine ya presha kwa siku mbili za mwanzo. Wewe kaa ndani na tochi. Gazeti likilowa, utajua ni kona gani, na kurekebisha kona moja leo ni rahisi kuliko kuvua kava tena baada ya mwezi.

Magazeti yakibaki makavu, rudisha kava, kisha upeleke gari likachorwe namba yake kwenye kioo hicho kipya, kwa mchoro wa juujuu wa dawa au mchanga, si kwa keekee. Kioo chenye namba ya mtu ni kigumu kuuzika.